Kutoa kiyoyozi kilichokufa kwenye Hilux ya zamani: cha kung'oa, cha kuacha na cha kuziba

Kiyoyozi cha Hilux yangu kilikufa miaka minne kabla sijakigusa. Nilishusha vioo, nikazoea. Kilichonishikisha spana ni mlima Kitonga. Nilikuwa natoka Ruaha Mbuyuni na magunia ya vitunguu, saa kumi na mbili asubuhi, ubaridi bado upo, na mshale wa joto ukaanza kupanda kabla sijafika kona za katikati. Maji yalikuwa yamejaa, thamostati ilikuwa mpya, rejeta haikuvuja. Nilipoegesha na kuchungulia nyuma ya shoo ya mbele ndipo nikaona. Kondensa, ile inayofanana na rejeta nyembamba na kukaa mbele ya rejeta ya maji, ilikuwa imekandikwa tope kavu, mbegu za nyasi na mabawa ya wadudu mpaka mwanga haupiti. Kifaa kisichonifanyia kazi yoyote kilikuwa kimesimama mlangoni, kinainyima injini hewa.

Tangu siku hiyo nimeondoa viyoyozi vibovu kwenye Hilux kadhaa, yangu na za majirani, na nimerudia kazi zilizoachwa nusu. Kufungua bolti hakumshindi mtu mwenye subira na spana nzuri. Kinachorukwa ni kuziba: mashimo, mabomba, nyaya, na hozi moja ndogo nitakayoieleza kwa kirefu kwa sababu inahusu breki.

Ninazozungumzia ni Hilux za dizeli zisizo na tabo, zenye injini ya 2L (cc 2,446) au 3L (cc 2,779). Mengi yatakufaa hata kama una pikapu nyingine ya umri huo, ila mpangilio wa mikanda na mabomba hubadilika kutoka gari hadi gari. Tazama lako kabla ya kufungua, na piga picha kwa simu kila upande. Picha hizo utazihitaji.

Je, kweli kinahitaji kutoka?

Kompresa, pampu inayosukuma gesi ya kiyoyozi, haifanyi kazi muda wote injini inapowaka. Mkanda unazungusha puli tu, na puli hiyo ina beringi yake. Ukibonyeza swichi ya kiyoyozi, umeme unaingia kwenye koili, sumaku inaivuta sahani ya mbele igandane na puli, na hapo ndipo kompresa inapoanza kusukuma gesi. Kwa hiyo kompresa iliyojam ndani, kama swichi haiwashwi na beringi ya puli ni nzima, haiidhuru injini. Watu wanalipa fedha ya kung'oa kitu ambacho kingetulizwa kwa kuchomoa waya mmoja.

Pima hivi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, legeza mkanda wa kompresa. Zungusha puli kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini, bila kukwaruza wala kuyumba, beringi ni nzima. Kisha shika sahani ya mbele uizungushe peke yake. Ikigoma kabisa, kompresa imejam. Ikizunguka kwa ugumu wa wastani, kompresa huenda bado iko hai na ugonjwa uko kwingine: gesi imevuja, fyuzi imekatika, au swichi ya presha imekufa.

Kama puli ndiyo inayolia na ndani kompresa ni nzima, badilisha beringi peke yake. Fundi mzuri wa viyoyozi anaitoa klachi ya kompresa (ile puli, sahani na koili) na kuichomoa beringi bila kufungua bomba hata moja la gesi. Mimi ningeanza hapo.

Sababu zinazonishawishi kung'oa ni tatu. Ya kwanza, kondensa iliyoziba au kuoza inayozuia hewa ya rejeta. Ya pili, kompresa iliyojam na beringi inayokaribia kukwama, maana siku ikikwama mkanda utaungua au utakatika na kujinyonga kwenye mikanda mingine, ukiwemo unaozungusha pampu ya maji. Ya tatu, mwenye gari ameshaamua kwamba hatakitengeneza kamwe na anahitaji nafasi ya kushika vitu vingine kwenye injini.

Gesi kabla ya spana

Hapa sitaki mtu apite haraka. Kiyoyozi kisichotoa baridi si lazima kiwe kitupu. Maadamu ndani kumebaki gesi kidogo iliyo katika hali ya maji, presha inafuata joto la siku wala si wingi wa gesi. Kwenye nyuzi joto 30, mfumo wenye R-134a, gesi ya kawaida ya viyoyozi vya magari tangu miaka ya 1990, unakaa kwenye psi 97 hivi hata injini ikiwa imezimwa. Hiyo ni karibu mara tatu ya upepo wa tairi la Hilux. Ukilegeza nati, gesi itatoka kwa kishindo, na kwa kuwa inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, tone moja jichoni linaweza kuugandisha mboni hapo hapo.

Nenda kwa fundi wa viyoyozi mwenye geji na mashine ya kuvuta gesi. Mweleze kwamba hutaki kujaza, unataka kutoa tu. Atafunga geji zake, na kama kuna kitu ndani atakivuta na kukihifadhi kwenye mtungi. Geji ikionyesha sifuri pande zote mbili, mfumo ni mtupu na unaweza kurudi nyumbani kuanza kazi. Kubonyeza vali kwa bisibisi mpaka iache kulia ni desturi niliyoiona gereji nyingi, na naipinga kabisa.

Sababu moja ni hewa tunayoivuta sote. Nusu kilo ya R-134a ikiachwa hewani inaipasha dunia joto sawa na kilo 715 za kaboni dioksaidi kwa hesabu ya miaka 100. Magari yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yanaweza kuwa na gesi ya zamani zaidi, R-12, ambayo nusu kilo yake ni zaidi ya tani 5, na juu ya hapo inaharibu tabaka la ozoni. Mataifa yalikubaliana Montreal mwaka 1987 kuachana na gesi za jamii ya R-12, na mwaka 2016 yakakubaliana Kigali kupunguza na hizi zilizochukua nafasi yake. Utazitofautisha kwa midomo ya kujazia: ya R-12 ina nyuzi za kufungia nati, ya R-134a ni laini, ya kubana kwa kubofya, na ina vipenyo viwili tofauti, milimita 13 upande wa presha ndogo na 16 upande wa presha kubwa. Stika chini ya boneti nayo husema, ila kwenye gari lililopita mikononi mwa wengi amini midomo na geji kuliko stika, na umwambie fundi kwamba hujui nani alijaza mara ya mwisho. Wapo wanaojaza gesi inayowaka moto.

Sababu nyingine ni pumzi yako. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa. Ukiziachia gari likiwa juu ya shimo la gereji, zinashuka na kujaa shimoni, zinaisukuma hewa safi nje, na aliye chini anaishiwa nguvu bila kunusa kitu. Zikikutana na moto wa kulehemu au sigara huvunjika na kuwa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Fanya kazi mahali pa wazi, pasipo na moto.

Vifaa

Spana na soketi za 10, 12 na 14 zinamaliza karibu kazi yote kwenye Toyota ya wakati huo. Ongeza racheti yenye mkono mrefu, bisibisi ya nyota, plaizi, brashi ya waya, mafuta ya kulegezea kutu, miwani ya kukinga macho na glavu. Kwa upande wa kuziba andaa vifuniko vya mpira au plastiki vya saizi mbalimbali, klipu za hozi, tepu ya umeme, vifungo vya plastiki, silikoni inayovumilia joto na kipande cha bati. Usiku wa kuamkia kazi, nyunyizia mafuta ya kutu kwenye kila bolti utakayofungua. Kufanya hivyo mapema kumeniokolea bolti nyingi zilizofungwa kwenye aluminiamu ambazo zingekatikia ndani.

Mkanda na kompresa

Toa tamino hasi ya betri. Tafuta puli ndogo ya kukazia mkanda wa kompresa, legeza nati yake ya katikati, kisha legeza bolti ndefu ya kurekebishia mpaka mkanda ulegee. Kwenye Hilux nyingi nilizozishika kompresa ina mkanda wake peke yake, na hilo ni bahati kubwa, kwa sababu ukiutoa, mikanda mingine inabaki kama ilivyo. Hakikisha kwa macho: fuata mkanda kwa kidole kutoka puli ya kranki hadi kompresa na kurudi. Kama unapita pia kwenye pampu ya usukani au altaneta, simama hapo. Utahitaji mkanda mfupi zaidi au puli tupu ya kushika nafasi ya kompresa, na vitu hivyo vinatafutwa kabla ya kufungua chochote.

Usiguse puli ya kranki. Mfereji wa mkanda wa kiyoyozi utabaki mtupu na hauna madhara.

Chomoa waya wa klachi. Mara nyingi ni mmoja tu, kwa sababu koili inajipatia hasi kupitia mwili wa kompresa. Kisha fungua bolti zinazoshika hozi mbili juu ya kompresa. Fungua polepole, uso ukiwa pembeni, hata kama geji ilisema sifuri. Hozi zikitoka, ziba midomo ya kompresa na midomo ya hozi palepale. Ikiwa ipo siku wewe au mnunuzi wa gari atataka kukirudisha, unyevu wa siku mbili tu ni adui wa oili iliyo ndani, hasa ile ya mifumo ya R-134a, inayofyonza maji ya hewani kama sponji.

Bolti za kompresa zenyewe ni kawaida nne, kichwa cha 12 au 14. Ya mwisho usiitoe peke yako ukiwa umelala chini ya gari. Kompresa za zamani ni nzito, na mkono mmoja hauzishiki vizuri. Weka jeki na kipande cha ubao chini yake, au muite mtu.

Ikishatoka, mimina oili kidogo kwenye kitambaa cheupe. Oili safi au ya manjano hafifu ni habari njema. Oili nyeusi, au yenye vumbi linalometameta kama rangi ya fedha, inasema kompresa imejisaga na vipande vyake vimesambaa kwenye kondensa na hozi. Kondensa ya namna hiyo usimuuzie mtu kama spea nzima.

Kitako cha chuma kinachoshika kompresa kinaweza kuachwa. Watu wanapenda kukitoa ili injini ionekane safi, lakini angalia kwanza kama hakishiki kitu kingine, mathalani altaneta au pampu ya usukani. Ukikitoa, rudisha bolti kwenye kila tundu la injini, fupi kwa kiasi ambacho kitako kilikuwa kinachukua, ili kutu na mchanga visiingie na ili isigonge mwisho wa tundu.

Kondensa na draya

Toa shoo ya mbele. Sehemu zake za plastiki kwenye gari la miaka 30 zinavunjika kama biskuti, kwa hiyo zifungue jua likiwa limezipasha joto, si asubuhi ya baridi. Nguzo ya kufuli ya boneti ikikuzuia, weka alama kwa kalamu mahali bolti zake zilipokaa kabla ya kulegeza, la sivyo boneti haitafunga sawa.

Mabomba ya kondensa ni ya aluminiamu na nati zake hupenda kushikana. Tumia spana mbili kila mara: moja inashika upande wa kondensa usizunguke, nyingine inafungua. Ukitumia moja, bomba litajikunja na kupasuka. Draya, kile kikopo kirefu chenye kioo kidogo juu, kinatoka pamoja na kondensa au baada yake. Ndani yake mna punje za kufyonza unyevu, na zikishakaa wazi zimekwisha. Hiyo usiihifadhi.

Bolti za kondensa ni chache. Iinue wima, taratibu, maana nyuma yake kuna mapezi laini ya rejeta. Kama mbele yake kulikuwa na feni ndogo ya umeme, chomoa plagi na uitoe nayo.

Sasa osha rejeta. Maji ya bomba ya kawaida, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Mashine ya presha inalaza mapezi, na mapezi yaliyolala yanaziba hewa kuliko tope. Rudisha mipira na plastiki za pembeni zinazoelekeza upepo kwenye rejeta. Bila hizo hewa inapita kando, na utakuwa umehangaika bure. Kwa barabara za kokoto mimi nimeweka wavu wa matundu ya sentimita moja nyuma ya shoo, kwa kuwa kondensa ilikuwa pia ngao ya rejeta. Wavu wa mbu usithubutu.

Hozi ndogo ya vakiumu

Injini ya dizeli ya namna hii haina mvuto wa kutosha kwenye manifodi, njia ya kuingizia hewa, kama ya petroli, kwa hiyo nyuma ya altaneta kuna pampu ya vakiumu, yaani ya kufyonza hewa, na pampu hiyo ndiyo inayolisha busta ya breki, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga. Tawi la vakiumu hiyo hiyo linakwenda kwenye kiyoyozi. Kompresa ikishika, injini inaelemewa na ule mzunguko wa gari likiwa limesimama, ambao mafundi wanauita sailensi, unashuka. Ili isizime, kikopo kidogo karibu na pampu ya dizeli kinavutwa na vakiumu na kusogeza wenzo wa mafuta kidogo. Kati yake kuna vali ya umeme inayofunguka unapobonyeza swichi.

Mtu anapong'oa mabaki ya kiyoyozi huiona vali hii, huikata, na hozi inabaki ikining'inia wazi. Pampu inaanza kuvuta hewa ya nje badala ya kuvuta ya kwenye busta. Gari linawaka vizuri, linatembea vizuri, na dereva anagundua pale anapokanyaga breki kanyagio likiwa gumu kama jiwe na gari halipungui. Nimeipokea Hilux moja katika hali hiyo baada ya mwenyewe kuponea chupuchupu kwenye mteremko.

Ukiweza, iache vali na hozi zake zote mahali pake, kwa kuwa hazili chochote. Ukilazimika kuzitoa, zibia kwenye chanzo, pale tawi linapotoka kwenye bomba kuu, kwa kifuniko cha mpira na klipu. Tepu haifai, joto linaiyeyusha. Baada ya hapo jaribu: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka kanyagio liwe gumu, lishikilie, kisha washa injini. Lazima lishuke kidogo chini ya mguu. Lisiposhuka, gari lisitoke uani.

Ndani ya kebini

Evaporeta, koili ya baridi iliyo nyuma ya sanduku la dashibodi upande wa abiria, mimi naiacha. Haizungushwi na mkanda, haizuii rejeta, na kuifikia kunahitaji kufungua plastiki nyingi. Ila feni ikipuliza kinyonge, fungua sanduku la dashibodi utazame uso wa koili: mara nyingi umejaa vumbi na majani, na kuusafisha kunarudisha upepo. Ukiamua kuitoa, rudisha boksi lake tupu. Hewa ya feni inapita humo kwenda kwenye hita na kwenye kioo cha mbele, na bila boksi utaendesha siku ya mvua kioo kikiwa na ukungu.

Mabomba mawili yanayotoka kwenye evaporeta kwenda kwenye injini yazibe kwa vifuniko. Kama umeyatoa, matundu yake kwenye bati linalotenganisha injini na kebini usiyaache hata usiku mmoja. Vumbi ni usumbufu. Moshi wa ekzosi una hewa isiyo na harufu inayoua. Kata bati, paka silikoni pembeni, funga kwa skrubu. Chunguza pia usichanganye hozi: mbili za mpira zenye maji moto ni za hita, na hizo haziguswi.

Nyaya na kuwasha

Usikate waya. Chomoa plagi, ifunge kwa tepu, na uifungie mbali na ekzosi na mikanda. Waya wa klachi ukiachwa uchi na mtoto akabonyeza swichi, utagusa bodi na fyuzi itakatika. Chomoa rilei ya kiyoyozi. Fyuzi yake ichomoe ikiwa inahudumia kiyoyozi peke yake. Kwenye baadhi ya magari inahudumia pia feni ya ndani, kwa hiyo chomoa na ujaribu feni kwanza.

Rudisha betri, washa, iache injini iwake dakika 15 huku ukisikiliza mikanda na ukitazama mshale. Jaribu breki tena kabla ya kuingia barabarani. Baada ya kilomita 100 hivi, rudi ukaze bolti zote ulizogusa.

Oili ya kompresa imwage kwenye chupa uipeleke kunakokusanywa oili chafu. Kompresa nzima ina mnunuzi. Iliyokufa ina aluminiamu na koili ya shaba, na mnunuzi wa vyuma chakavu ataichukua. Yangu ilinilipia nusu ya bei ya mipira mipya ya rejeta.